Upupu ni dawa, lakini kipimo chake kiko wapi?

Mkulima wa Mkwaja akiukuta upupu shambani hana mjadala nao. Ukiwa mbichi anaufyeka. Ukishakauka anaupitia mbali, au anautia moto akiwa amesimama upande unakotokea upepo. Hakosei. Ganda la upupu limepinda kama herufi S na limevaa manyoya laini ya kahawia yanayong'aa juani. Kiangazi kikikaza, manyoya hayo hupeperushwa na upepo mdogo tu, na yakinasa kwenye ngozi huachia kimeng'enya kiitwacho mukunaini. Hapo mtu hujikuna mpaka akachubuka.

Ndani ya ganda hilo linalochukiwa mna mbegu chache ngumu, nyeusi au zenye madoadoa, na ndani ya mbegu mna kitu ambacho madaktari wa mishipa ya fahamu duniani kote huwaandikia wagonjwa kila siku. Kinaitwa levodopa. Katika gramu 100 za mbegu kavu za upupu, gramu 4 hadi 6 hivi ni levodopa. Molekuli hiyo haitofautiani hata kidogo na ile iliyomo kwenye kidonge cha kiwandani anachopewa mgonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu atetemeke, akakamae na apunguze mwendo mwaka hadi mwaka.

Habari ya namna hii husambaa upesi, na ikisambaa hufupishwa: upupu unatibu Parkinson, basi kauchume. Mimi nasema hivi: upupu ni dawa kweli, na kwa sababu ni dawa kweli, unastahili kulimwa, kupimwa na kutolewa kwa utaratibu wa dawa. Mzee wa Mkwaja anayetetemeka hakukosa mmea. Amekosa mtu wa kuutambua ugonjwa wake, na amekosa kipimo.

Ugonjwa unaojificha ndani ya uzee

Mkwaja iko kusini mwa wilaya ya Pangani, mkoani Tanga, imebanwa kati ya Bahari ya Hindi na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Ranchi kubwa ya ng'ombe iliyobeba jina la kijiji hicho ilipambana na ndorobo kwa miongo kadhaa, mpaka ikafungwa mwaka 2000 na ardhi yake ikaingizwa hifadhini. Watu wa hapa wanaishi kwa bahari, minazi na mashamba, na kazi zao nyingi ni za vidole: kufuma nyavu, kufunga kamba za ngalawa, kusuka ukili, kukuna nazi.

Ndiyo maana Parkinson ingetakiwa kuonekana mapema katika mazingira kama haya, kwa kuwa huanzia hukohuko kwenye vidole. Mkono mmoja hutetemeka ukiwa umepumzika juu ya paja, halafu hutulia mtu anaponyoosha kushika kikombe. Kidole gumba na cha shahada husuguana, mfano wa mtu anayefikicha kidonge. Akitembea, mkono huo haurushwi kama mwenzake. Sindano ya kufumia nyavu inakuwa nzito, na kifungo cha shati kinachukua muda kuingia tunduni. Uso unapoteza mabadiliko yake, kiasi kwamba wajukuu wanadhani babu amekasirika. Miaka kadhaa kabla ya hayo yote, pengine alishaanza kupata choo kigumu na kupoteza uwezo wa kunusa, mambo ambayo hakuna aliyeyahusisha na ubongo.

Chanzo chake kiko chini ya ubongo, mahali penye kundi dogo la seli zenye rangi nyeusi. Kazi ya seli hizo ni kutengeneza dopamini, kemikali inayolainisha amri za mwendo kutoka ubongoni hadi kwenye misuli. Katika Parkinson seli hizo hufa polepole. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli imekwisha kupotea.

Tunajua kiasi fulani kuhusu hali ya ugonjwa huu nchini, na maarifa hayo yametoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Timu ya watafiti wa Uingereza, Catherine Dotchin na Richard Walker, ikishirikiana na wataalamu wa Kitanzania, ilipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 161,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: walipatikana wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote kwamba wana ugonjwa huo. Utafiti mwingine wa Hai, uliochapishwa mwaka 2011, uliwasikiliza wagonjwa, ndugu zao na waganga wa jadi. Ilidhihirika kwamba ugonjwa haueleweki: wapo waliouona kuwa ni uzee tu, na wapo waliodhani ni kurogwa. Mwaka 2013 ukatoka wa tatu, huu kuhusu ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ukaonyesha kwamba katika Hai kiasi cha watu 6 kati ya kila 100 wenye miaka 70 na zaidi wanao.

Pwani ya Tanga nayo ina wazee, na idadi yao inaongezeka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 duniani walikuwa wanaishi na Parkinson. Hakuna sababu ya kibaiolojia ya kudhani kwamba ugonjwa huo unaikwepa Pangani. Tofauti yetu na Ulaya ni kwamba huku mgonjwa anabaki barazani bila jina la ugonjwa, na ugonjwa usio na jina hauna dawa, hata kama dawa yenyewe imeota nyuma ya nyumba.

Safari ya levodopa

Levodopa ilitoka kwenye mimea tangu mwanzo. Mwaka 1913 mkemia Marcus Guggenheim, aliyekuwa akifanya kazi Basel, Uswisi, aliitoa kwenye mbegu za fulu, maharage makubwa yanayoliwa sana nchi za Kiarabu. Akameza gramu mbili na nusu ili aone zinafanya nini. Alitapika. Mwaka 1937 wanasayansi wa India, Damodaran na Ramaswamy, wakaitoa kwenye mbegu za upupu. Matabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya nchini humo, walikuwa wakiutumia upupu karne nyingi kabla yao. Pamoja na hayo, hakuna maabara iliyokuwa imejua kazi ya kitu hicho mwilini.

Kazi yake ilikuja kujulikana kwa msaada wa mmea mwingine. Mizizi ya Rauvolfia, nayo ya India, ilikuwa imetoa reserpini, dawa iliyotumika sana miaka ya 1950 kushusha shinikizo la damu. Baadhi ya wagonjwa walioinywa walianza kutetemeka na kukakamaa. Mwaka 1957 Arvid Carlsson wa Sweden aliwapa sungura reserpini, wakalala bila kujongea. Akawadunga levodopa, na haukupita muda wakainuka na kutembea. Ikawa wazi kwamba reserpini inamaliza dopamini ubongoni na levodopa inairudisha. Kazi hiyo ilimpatia Carlsson Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1960 Oleh Hornykiewicz wa Vienna alithibitisha kwamba bongo za watu waliokufa na Parkinson zimepungukiwa dopamini, na mwaka uliofuata yeye na Walther Birkmayer wakawadunga wagonjwa levodopa. Wengine ambao hawakuweza hata kuketi wenyewe walisimama. Kisha mwaka 1967, George Cotzias huko New York akaonyesha njia ya kuinywa kila siku: kuanza na kidogo na kuongeza polepole.

Jamaa ya mmea wa reserpini tunayo hapa nchini. Msesewe, ambao gome lake hutiwa kwenye mbege, pombe ya ndizi, kule Kilimanjaro, ni wa jenasi hiyohiyo ya Rauvolfia. Sidai kwamba mbege huleta Parkinson. Hakuna ushahidi wa hilo. Nautaja kwa sababu historia hii inatufundisha kwamba mmea mmoja ulileta dalili na mwingine ukaziondoa, na yote mawili yalithibitika pale watu walipopima. Neno “asili” halikumlinda mgonjwa wa reserpini.

Upupu ulipopimwa kwa wagonjwa

Upupu wenyewe umekwisha kupimwa kwa wagonjwa. Mwaka 2004 Regina Katzenschlager na wenzake wa London walichapisha jaribio la wagonjwa wanane. Kila mmoja alipewa, kwa siku tofauti, unga wa upupu au vidonge vya kawaida, bila kujua amepewa nini. Gramu 30 za upupu zilianza kufanya kazi baada ya dakika 34.6 kwa wastani, ilhali vidonge vilichukua dakika 68.5. Muda wa nafuu nao ulirefuka kwa dakika 37.

Mwaka 2017 Roberto Cilia, Gianni Pezzoli na wenzao wa Italia, wakishirikiana na madaktari wa Bolivia, walichapisha jaribio la wagonjwa 18. Mbegu zilikaangwa, zikasagwa, unga ukakorogwa kwenye maji, bila kiwanda na bila kemikali. Dozi moja ya upupu haikushindwa na dawa ya hospitali, na mitikisiko isiyotakiwa ambayo dawa hiyo huleta ilipungua. Kwa nchi ambazo mgonjwa hawezi kumudu vidonge, matokeo hayo yalikuwa ya kutia moyo. Mwaka 2020 Natasha Fothergill-Misbah, Walker, Cilia na wenzao waliuliza kwa maandishi iwapo upupu unaweza kuwa jibu la Parkinson kwa Afrika kusini mwa Sahara.

Lakini jaribio lililofuatia, lililochapishwa mwaka 2018, lilipima kitu tofauti: wagonjwa 14 wakitumia upupu kila siku kwa wiki kadhaa. Nusu yao, watu saba, waliuacha. Wanne walishindwa kwa sababu ya tumbo, na watatu mwendo wao ulizidi kuwa mbaya. Walioweza kuuvumilia waliendelea vizuri. Yeyote anayetangaza jaribio la 2017 bila kulitaja la 2018 anamnyima mgonjwa nusu ya habari.

Kwa nini tumbo? Mtu akimeza levodopa peke yake, sehemu kubwa hugeuzwa kuwa dopamini tumboni na kwenye damu kabla haijafika ubongoni. Dopamini hiyo haiwezi kupenya kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, kwa hiyo haina faida kwa mwendo. Inabaki mwilini ikileta kichefuchefu, kutapika na kushuka kwa shinikizo la damu, hata mzee akisimama ghafla anaanguka. Kidonge cha hospitali kina kitu cha pili, karbidopa, kinachozuia mgeuzo huo nje ya ubongo. Upupu hauna karbidopa. Anayetumia upupu pekee huhitaji levodopa mara nne au tano zaidi ili kiasi kilekile kifike kinakotakiwa, na ziada hiyo ndiyo iliyomtapisha Guggenheim.

Shida ya pili ni kwamba mbegu hazilingani. Kiasi cha levodopa hubadilika kwa aina ya upupu, udongo, ukomavu na namna ya kukaanga. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 16 za upupu zinazouzwa huko kama virutubisho. Kwa dozi moja, bidhaa moja ilikuwa na miligramu 2 za levodopa na nyingine 241. Kama hali iko hivyo kwenye chupa zilizofungwa na kubandikwa lebo, kijiko cha unga uliosagwa kwenye kinu cha nyumbani kina kiasi gani? Parkinson inahitaji dozi inayofanana asubuhi, mchana na jioni. Ikipungua, mgonjwa anaganda katikati ya chumba. Ikizidi, anajinyonganyonga na kuona maluweluwe.

Memba, 1989

Atakayesema naogopesha watu bure aangalie kilichotokea kusini mwetu, kwenye pwani hiihii ya Bahari ya Hindi. Katika wilaya ya Memba, jimbo la Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, upupu ulikuwa chakula cha wakati wa njaa. Wenyeji waliujua vizuri: unachemshwa, maji yanamwagwa, unachemshwa tena, mpaka sumu inatoka. Mwaka 1989 vita na njaa vilikutana. Kwa kuwa maji yalikuwa haba, hatua ya kuyamwaga maji ya kuchemshia ikarukwa. Watu zaidi ya 200 walipata maumivu ya kichwa na mapigo ya moyo ya kasi, kisha wakachanganyikiwa, wakaona na kusikia visivyokuwepo. Habari hiyo ilichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 1990.

Tukio la Memba lina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba levodopa ya upupu ina nguvu za kutosha kuuvuruga ubongo wa mtu mzima mwenye afya. La pili ni kwamba wenyeji walikuwa na ujuzi sahihi. Kilichovunjika ni utaratibu, na utaratibu ulipovunjika mmea uleule ukawa sumu. Ujuzi wa jadi una thamani kubwa pale hatua zake zote zinapofuatwa, na sayansi inaongezea kitu kimoja ambacho sufuria haiwezi kukitoa, yaani namba.

Mimea mingine na ahadi zake

Upupu una wenzake waliofaulu. Kwa ugonjwa wa Alzheimer, unaokula kumbukumbu, dawa mbili zinazotumika sana zimetokana na mimea. Galantamini ilitolewa kwenye maua ya baridi ya Ulaya Mashariki, ikaendelezwa Bulgaria miaka ya 1950 na kuidhinishwa Marekani mwaka 2001. Leo wakulima wa milima ya Wales hupanda maua ya narsisi kwenye malisho ya kondoo ili kuikamua. Rivastigmini ilibuniwa kwa kufuata muundo wa kemikali iliyomo kwenye maharage ya Calabar, Nigeria, ambayo zamani mtuhumiwa alilishwa kama kiapo ili ijulikane kama ana hatia. Sumu ya kiapo imewaelekeza wakemia kwenye dawa ya wazee wanaosahau.

Wapo pia walioshindwa, na ni lazima wasemwe. Majani ya mti wa ginkgo yalijaribiwa Marekani kwa watu 3,069, wengi wao wenye miaka 75 na kuendelea, kwa miaka sita hivi. Matokeo yalitoka mwaka 2008: hayakuzuia kupotea kwa kumbukumbu. Manjano, yanayolimwa Muheza na Unguja, yana kurkumini, ambayo ndani ya chupa ya maabara hufanya maajabu dhidi ya protini zinazoziba ubongo. Kwa binadamu, majaribio ya Alzheimer hayakuonyesha nafuu, kwa kuwa kurkumini hainyonywi vizuri tumboni na inayofika ubongoni ni haba mno. Tuendelee kuyatia kwenye pilau na mchuzi. Tusimuuzie mtu kama tiba.

Kuna mpaka ambao hakuna hata mmoja kati ya mimea hii uliouvuka. Levodopa, iwe ya upupu au ya kiwandani, hurudisha dopamini iliyopungua, lakini haizuii seli kuendelea kufa. Galantamini na rivastigmini hupunguza makali ya dalili kwa muda. Mpaka sasa hakuna mmea wala kidonge kilichothibitika kusimamisha Parkinson au kuiponya. Hata hivyo, mvuvi aliyerudishiwa miaka kadhaa ya kushika sindano yake amepata kitu kikubwa, na hapaswi kudanganywa ili akithamini.

Waganga, madaktari na kumbukumbu ya Pangani

Mkoa wa Tanga una historia yake katika jambo hili, na ni historia ya heshima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ukimwi ulipokuwa unaua na dawa za kufubaza virusi hazijafika, madaktari wa serikali na waganga wa jadi wa Pangani na Tanga walikaa pamoja. Waganga walitoa dawa zao za mitishamba kwa magonjwa nyemelezi kama fangasi, mkanda wa jeshi na kuharisha. Madaktari waliwafuatilia wagonjwa hospitalini na majumbani. Ushirikiano huo ukazaa shirika la Tanga AIDS Working Group, TAWG. Hakuna upande uliomdharau mwenzake, na mgonjwa hakulazimishwa kuchagua.

Linganisha na Loliondo mwaka 2011. Maelfu ya watu kutoka nchi yetu na za jirani walipanga foleni kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile wapate kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Matumaini ya watu yalikuwa ya kweli na maumivu yao yalikuwa ya kweli. Lakini dawa moja ilitajwa kwa kisukari, ukimwi, saratani na mengine mengi, na wapo walioacha vidonge vyao. Ugonjwa wa Parkinson hauvumilii kosa kama hilo, kwani kuacha levodopa ghafla kunaweza kumwangusha mgonjwa katika homa kali na kukakamaa kunakohatarisha maisha.

Nchi hii ina vyombo vya kufuata njia ya Pangani. Muhimbili imekuwa na kitengo cha utafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974, ambacho sasa ni Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, MUHAS. Ni huko Mainen Moshi na wenzake walikochapisha mwaka 2005 uchunguzi wa mimea inayotumiwa na waganga wa Temeke kutibu kifafa. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo chake cha Amani mkoani Tanga. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ipo tangu mwaka 2002, na baraza lake lipo. Kilichokosekana ni mtu wa kuviunganisha vyombo hivyo kwa ajili ya ugonjwa ambao hauna kelele za kisiasa kwa kuwa wagonjwa wake ni wazee wanaozungumza kwa sauti ya chini.

Tukitaka kujua kama tunaweza kuzalisha dawa hapa, jibu liko Amani, milima ya Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902 na kupanda miti ya kwinini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafungia njia za meli, gome la miti hiyo likasindikwa palepale kuwa dawa ya malaria. Na tukitaka kujua tunavyoweza kupoteza, jibu nalo liko mkoani humu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani, alipeleka kwao mbegu za ua dogo la zambarau la Tanga na Usambara. Ua hilo likapewa jina lake, Saintpaulia, na leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote. Biashara hiyo ilijengwa bila wenyeji kuwa na mkataba wala mgawo. Upupu ukiingia kwenye soko la dawa, wakulima na waganga wa Pangani wawe wameandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

La kufanya

Kwanza, utambuzi. Parkinson haihitaji mashine ya mamilioni. Tabibu aliyefundishwa huitambua kwa kumtazama mtu akitembea, akigonganisha vidole na akigeuka. Mafunzo mafupi kwa matabibu wa zahanati na vituo vya afya vya Pangani, wakijua namna ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya na kisha Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, yangefanya kazi kubwa kuliko mmea wowote. Waganga wa jadi waingizwe kwenye mafunzo hayo, kwa sababu mgonjwa huanzia kwao.

Pili, vidonge. Levodopa pamoja na karbidopa imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Ipatikane hospitali za wilaya mwaka mzima, na iwemo kwenye mafao ya bima ya afya kwa wote. Dawa inayopatikana Dar es Salaam pekee haimfai mtu wa Mkwaja, ambaye nauli na malazi vinamla kabla hajafika dirisha la famasi.

Tatu, upupu. Ipo aina isiyowasha ambayo mabwana shamba wanaijua, kwa kuwa hufunika udongo, hushinda magugu na kurutubisha shamba kwa naitrojeni. MUHAS na NIMR wachukue mbegu za pwani yetu, wapime levodopa yake msimu hadi msimu, wachague aina moja inayotabirika, waweke kanuni ya kukaanga na kusaga, kisha wafanye jaribio la wagonjwa wa Kitanzania chini ya madaktari, wengine wakipewa karbidopa pembeni ili tumbo litulie. Nchi hii ina uwezo wa kufanya kazi hiyo. Unga huo ukifaulu, utakuwa msaada mahali vidonge visipofika. Ukishindwa, tutakuwa tumejua kwa ushahidi wetu wenyewe.

Kwako msomaji mwenye mzazi anayetetemeka: usimkaangie upupu nyumbani, na usimwachishe dawa aliyopewa kwa sababu ya ujumbe uliotumiwa kwenye simu. Kama anatumia mitishamba yoyote, mwambie daktari bila kuona haya. Mkono mmoja ukitetemeka ukiwa umepumzika, mwendo ukipungua na mwili ukikakamaa, mpeleke hospitali ya wilaya. Huo si uzee na si uchawi. Ni ugonjwa wenye dawa, na dawa hiyo haitamfaa mzee kabla ugonjwa wake haujatambuliwa.